Maswali ya Wasomaji: Mti Mkubwa Unaougua, Ukatwe au Uachwe?

Barua tulizopokea kwa ajili ya safu ya toleo hili zinafanana mno, hata tukaona ni vyema zijibiwe kwa pamoja. Zote zinahusu miti mikubwa, mingi ikiwa imepandwa na watu waliokwisha kufariki, ambayo sasa inaonyesha dalili za ugonjwa. Barua zenyewe tumezifupisha. Majibu hatukuyafupisha, kwa sababu mti wa miaka 80 ukiangushwa kwa makosa, hakuna hata mmoja kati ya walioamua atakayeishi kuuona mwingine ukifikia kimo kile.

SWALI: Ndugu Mhariri, mbele ya nyumba yetu pana mti mkubwa ambao kipenyo cha shina lake kinakaribia sentimita 80. Mwaka jana tuliona uyoga mgumu kama ubao umeota kwenye shina karibu na ardhi, tukaukata na kuutupa. Mwaka huu umerudi, tena mkubwa zaidi. Majani ya mti ni mengi na ya kijani kama kawaida. Jirani anasema mti umeoza ndani na utatuangukia. Mama yetu, ambaye baba yake ndiye aliyeupanda, anasema mti wenye majani kama yale hauwezi kuwa mgonjwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yenu na mama yenu wote wawili wameona jambo la kweli, ila kila mmoja amelivuta mbali kuliko linavyofika.

Tuanze na uyoga. Ule mnaouona nje ni kama tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu ni nyuzi nyembamba zilizosambaa ndani ya mbao, na kwa kawaida huwa zimekwisha kuishi humo kwa miaka kadhaa kabla ya tunda hilo kuchomoza. Kwa hiyo kuukata na kuutupa hakuponyi kitu, bali kunawaondolea ushahidi ambao mtaalamu angeutumia kutambua aina ya kuvu. Safari hii uacheni, mpige picha kwa juu na kwa chini, mpime upana wake na muandike tarehe. Jirani yenu yuko sahihi kwamba ndani ya mti huo kuna mbao inayooza.

Mama yenu naye ana hoja, ingawa si ile anayoidhani. Mti hupitisha maji katika tabaka za nje za mbao, zile changa, na chakula hupita katika tabaka la ndani la gome. Kiini cha katikati, kwa miti mingi, ni mbao iliyokwisha kufa ambayo kazi yake iliyobaki ni kuubeba mti. Kuvu inayokula kiini inaweza kukimaliza chote bila jani hata moja kunyauka. Majani mengi yanatujulisha kwamba njia za maji ni nzima na kwamba mti una nguvu ya kuongeza mbao mpya kila mwaka, na hilo ni jambo jema sana, lakini hayatujulishi lolote kuhusu iwapo shina litahimili upepo mkali. Vivyo hivyo, mti uliopukutisha nusu ya majani yake kwa ukame au kwa wadudu unaweza kuwa na shina imara kama nguzo. Afya ya mti ni jambo moja na uimara wake ni jambo jingine, na makosa mengi ninayoyaona, ya kukata na ya kuacha, yametokana na kuyachanganya mambo hayo mawili.

Tena kuoza hakumaanishi kuanguka. Aliyetufungua macho zaidi katika hili ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti katika idara ya misitu ya Marekani, ambaye alipasua maelfu ya miti kwa urefu wake ili aone uozo unavyosafiri. Mwaka 1977 alichapisha maelezo ya namna mti unavyojikinga: hauponyi mbao iliyojeruhiwa jinsi mwili wa mnyama unavyoponya nyama, bali huizungushia kuta. Huziba mishipa ya maji juu na chini ya jeraha, huimarisha mipaka kuelekea ndani na kuelekea pembeni, kisha hujenga ukuta wa nne, ulio imara kuliko yote, kati ya mbao iliyokuwepo siku ya jeraha na mbao yote itakayoota baada ya siku hiyo. Ndiyo sababu miti mingi mizee ina mvungu na bado imesimama. Kilichooza ni mti wa zamani, na mti mpya umeota ukiuzunguka.

Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, alichunguza mamia ya miti yenye mvungu, iliyovunjika na iliyosimama, na katika miaka ya 1990 kipimo chake kikaenea: unene wa mbao nzima inayozunguka mvungu usipungue asilimia 30 ya nusu kipenyo cha shina. Shina lenu lina kipenyo cha sentimita 80, nusu yake ni 40, hivyo mnahitaji mbao nzima yenye unene wa sentimita 12 hivi pande zote. Watu hushangaa kusikia kwamba kiasi hicho kinatosha, lakini hesabu ya bomba inalieleza vizuri. Bomba ambalo uwazi wake wa ndani umechukua asilimia 70 ya kipenyo limepoteza takribani robo tu ya uwezo wake wa kuhimili kupindwa, kwa kuwa nguvu ya upepo hubebwa zaidi na mbao iliyo nje. Kipimo hiki si amri. Hakifai pale ambapo mvungu umefunguka upande mmoja kama mlango, wala pale penye ufa. Na kwa upande wa pili iko miti mizee, mifupi na minene, ambayo imesimama kwa mbao nyembamba zaidi ya hapo kwa sababu matawi yake ni machache na upepo hauna pa kushika.

Kinachonitia wasiwasi katika barua yenu ni mahali uyoga ulipoota. Sehemu ya chini ya shina ndiyo inayobeba mzigo wote wa upepo, na kuvu ya hapo mara nyingi imekwisha kuingia kwenye mizizi mikubwa, ambayo haionekani. Kuvu za jamii ya Ganoderma, ambazo uyoga wake ni mgumu na wa kahawia kwa juu, hupenda sehemu hiyo, na mara nyingi uozo wake huenda taratibu kiasi kwamba mti wenye nguvu huongeza mbao upande wa nje kwa kasi inayotosha kuufidia. Lakini iko kuvu nyingine, Kretzschmaria deusta, ambayo haifanani na uyoga hata kidogo. Huonekana kama ukoko mweusi wa makaa kwenye shina la chini, hivyo wengi huipita wakidhani ni alama ya moto wa zamani. Hiyo huifanya mbao ivunjike ghafla kama kigae, huku majani ya juu yakiwa ya kijani kabisa. Mti wenye ukoko huo karibu na nyumba ningeshauri ukatwe mapema. Na mkifunua gome lililolegea karibu na ardhi mkakuta nyuzi nyeusi kama kamba za viatu, fikirieni Armillaria, ambayo huua mizizi na kuhamia miti ya jirani kwa kupitia udongo.

Anzeni kwa kazi mnayoiweza wenyewe. Fukueni udongo taratibu kuzunguka shina mpaka mizizi mikuu ionekane, kisha gongeni kwa nyundo ya mbao kuanzia kwenye mizizi hiyo hadi usawa wa kifua, mkisikiliza pale ambapo mlio wa mbao nzima unageuka kuwa mlio wa ngoma. Tieni alama ya chaki kwenye kila sehemu yenye mlio huo. Baada ya hapo mwiteni mtaalamu mwenye vifaa. Viko vipimo vinavyopitisha sauti kutoka upande mmoja wa shina hadi mwingine na kuchora picha ya mbao iliyooza, na iko sindano ndefu inayotoboa huku ikiandika ugumu wa mbao inayokutana nayo. Sindano itumike mara chache, pale tu ambapo vipimo vingine vimeacha shaka, kwa kuwa kila tundu linaweza kupenya ule ukuta wa nne na kuifungulia kuvu njia ya kwenda nje.

Kisha liko swali ambalo hakuna kifaa kinachoweza kuwajibia: mti huo ukianguka, utaangukia nini? Mti uliooza katikati ya malisho yasiyopitwa na mtu hauna hatari yoyote ya kuwanyima watu usingizi. Mti uliooza kidogo tu juu ya chumba wanamolala watu ni suala zito. Wataalamu hukadiria uwezekano wa mti kuvunjika, uwezekano wa kumpata mtu au kitu, na ukubwa wa madhara yake, na wakati mwingine jibu huwa ni kuondoa kilicho chini ya mti: kuhamisha benchi, kubadilisha njia ya miguu, kuacha kuegesha magari hapo. Nyumba yenu haihamishiki, kwa hiyo ninyi hamna nafasi hiyo. Hata hivyo hofu iwe na kiasi. Nchini Uingereza, ambako ajali za aina hii zimehesabiwa kwa miaka mingi, uwezekano wa mtu kuuawa na mti au tawi linaloanguka ni takribani mmoja katika milioni 10 kwa mwaka.

Ushauri wangu kwenu ni huu. Msiukate kwa sababu ya uyoga peke yake, wala msiuache kwa sababu ya majani. Upimwe kabla ya majira ya upepo mkali. Ikionekana kwamba mbao nzima ina unene wa kutosha na mizizi mikuu ni mizima, ubaki, matawi yake marefu yapunguzwe kwa uangalifu, na ukaguliwe kila mwaka. Ikionekana kwamba mizizi ya upande unakotoka upepo imeoza, ukatwe, na mama yenu aelezwe kwa picha na vipimo, si kwa maneno ya jirani. Niliwahi kushauri mti wa namna hiyo ukatwe kwa kuutazama kwa macho tu. Ulipolala chini tulikuta mbao nzima imeuzunguka mvungu kwa unene unaozidi shubiri, na mzee mwenye mti akakaa juu ya kisiki bila kusema neno. Tangu siku hiyo sitoi ushauri kabla ya vipimo, na ninawaomba nanyi msiukubali ushauri wa mtu yeyote anayeutoa bila vipimo.

SWALI: Mti wa uwani kwetu umeinama kidogo baada ya mvua kubwa iliyofuatwa na upepo. Udongo wa upande mmoja umeinuka na kupasuka. Tumeshauriwa tusubiri, kwa kuwa miti mingi huinama na kuendelea kuishi. Watoto hucheza hapo.

JIBU: Watoto wasicheze hapo kuanzia leo, na asipite mtu yeyote ndani ya umbali wa urefu wa mti huo na nusu yake.

Ni kweli kwamba miti mingi imeinama na haina tatizo, lakini hiyo ni ile iliyokua ikiwa imeinama. Mtaitambua kwa sababu sehemu yake ya juu imejipinda kurudi wima, na kwenye shina la chini imeongeza mbao kwa miaka mingi ili kujishikilia. Mti uliokuwa wima jana na leo umeinama, tena udongo umepasuka nyuma yake, umekwisha kung'oka. Kilichobaki ni mizizi michache ambayo haijamaliza kukatika. Mti mchanga ungeweza kusimamishwa na kufungwa. Mti mkubwa haurudi. Msiuvute kwa kamba wala msijaribu kuukata wenyewe, kwa maana mbao yake imejaa mkazo na huweza kufyatuka upande usiotarajiwa. Katika barua zote za safari hii, hii ndiyo pekee ambayo sina haja ya kuuona mti ili niseme ukatwe.

SWALI: Tuna safu ya miembe 14 iliyopandwa na babu. Mmoja wa katikati umekauka ghafla: majani yamekuwa ya kahawia lakini hayakudondoka, shina linatoa utomvu mweusi, na kwenye gome kuna matundu madogo sana. Mjomba wetu anasema tukate yote 14 kabla haijaambukizwa, angalau tupate mbao. Mimi naona huko ni kuua wagonjwa na wazima pamoja. Tafadhali tupe mwongozo.

JIBU: Ndugu msomaji, swali lenu ni la aina tofauti na yaliyotangulia. Kule tulikuwa tunauliza kama mti utaanguka. Hapa tunauliza kama mti utaua mingine, na katika jambo hilo mizani hubadilika. Mti ambao ningeuacha usimame kwa miaka 20 kwa upande wa uimara naweza kushauri ukatwe wiki hii kwa ajili ya majirani zake.

Dalili mnazozitaja zinafanana na za mnyauko wa ghafla wa miembe, unaoletwa na kuvu ya jamii ya Ceratocystis na kusaidiwa kuenea na bungua mdogo wa magome. Ugonjwa huo ulionekana nchini Oman mwaka 1998 na umeharibu miembe Brazili na Pakistani pia. Lakini utomvu kwenye shina huweza kutokana na mambo mengi, hivyo msihukumu kwa dalili za nje. Bandueni kipande kidogo cha gome mpakani mwa sehemu iliyokufa na iliyo hai. Mkikuta michirizi ya kahawia au nyeusi kwenye mbao changa, chukueni kipande chenye sehemu zote mbili, kifungeni vizuri, mkipeleke kwenye maabara ya magonjwa ya mimea. Kisu au shoka lililotumika lisafishwe kwa spiriti kabla ya kugusa mwembe mwingine, kwa sababu kuvu hii husafiri pia kwa vyombo vya kazi.

Maabara ikithibitisha, fanyeni haraka. Thamani ya haraka inaonekana vizuri katika historia ya elmu, miti mikubwa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ugonjwa wake ulianza kuchunguzwa Uholanzi karibu na mwaka 1921, na aina kali zaidi iliyoingia Uingereza na magogo yaliyotoka Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1960 iliua zaidi ya elmu milioni 25 nchini humo. Bungua wanaoueneza huzaliana chini ya gome la mti unaokufa, kwa hiyo kila mti uliosubiriwa kwa huruma uligeuka kuwa kiota. Mji wa Brighton ulichukua njia nyingine: mti ulioonyesha dalili uliondolewa upesi, pamoja na magome yake. Hadi leo mji huo una maelfu ya elmu, wakati sehemu kubwa ya nchi haina elmu kubwa tena. Kulikuwa huko na elmu mbili pacha zenye umri unaokadiriwa kuzidi miaka 400. Mmoja uliambukizwa, ukaangushwa mwaka 2019, na mwenzake ukabaki umesimama. Sidhani kwamba waliouangusha walikuwa na mapenzi pungufu kwa mti huo kuliko wale ambao wangeuacha.

Kwa hiyo mwembe huo mmoja, ukithibitika kuwa na mnyauko, ukatwe na kung'olewa, na magogo yake yasirundikwe kando ya mingine kungoja mnunuzi. Yachomwe hapo hapo kama inaruhusiwa, au yapasuliwe vipande vidogo na kufunikwa kabisa. Miti ya aina moja iliyo jirani huungana mizizi chini ya ardhi, na ugonjwa wa mishipa ya maji huweza kupita humo bila kuhitaji mdudu. Ndiyo maana watu huchimba mtaro kati ya mti mgonjwa na jirani zake kabla ya kuukata mgonjwa, na ninyi mfanye hivyo pande zote mbili za safu.

Ama kuhusu kukata yote 14, hapo nasimama upande wako. Marekani waliwahi kujaribu njia ya mjomba wenu. Baada ya ugonjwa wa chestinati, miti mikubwa ya misitu ya huko, kugunduliwa New York mwaka 1904, wengi walikata miti mizima mbele ya ugonjwa, wengine wakitaka kuusimamisha na wengine wakitaka mbao kabla haijaharibika. Ugonjwa haukusimama, na kufikia katikati ya karne karibu chestinati zote kubwa za nchi hiyo, zilizohesabiwa kwa mabilioni, zilikuwa zimekufa. Kama miongoni mwa ile iliyokatwa ikiwa mizima ilikuwemo michache yenye kinga ya kuzaliwa, basi iliondoka pamoja na mbegu zake. Watafiti wamehangaika miaka mingi kutafuta kinga hiyo katika mabaki. Tangu ugonjwa wa miti ya jamii ya Fraxinus, iitwayo ash kwa Kiingereza, uonekane Polandi mwaka 1992 na kusambaa Ulaya, somo hilo limezingatiwa zaidi: panapokuwa hakuna hatari kwa watu, wenye miti hushauriwa kuiacha ile inayostahimili, ili ijulikane miti iliyo na kinga.

Miembe yenu 13 iliyobaki ikaguliwe kila wiki mbili kwa mwaka mzima. Msiipogoe kipindi hiki, kwa kuwa majeraha mabichi huwavutia bungua. Wekeni matandazo na mnyweshe maji wakati wa ukame, maana bungua wa magome huanza na mti uliodhoofika. Mwembe wowote utakaoonyesha michirizi uondolewe siku zile zile. Naelewa kwamba hii ni kazi kubwa kuliko kukata yote kwa siku moja, lakini babu yenu alifanya kazi kubwa zaidi ya hiyo kuikuza.

SWALI: Mti wetu una mvungu mkubwa. Fundi mmoja amependekeza kuujaza saruji, kupaka lami kwenye makovu, na kukata kichwa chote cha mti ili upungue uzito. Je, hii haitatuepusha na kuukata?

JIBU: Hapana, na mambo yote matatu yataufupishia mti maisha.

Saruji haipindiki na mti hupindika. Kila upepo unapovuma, mbao nzima husuguana na jiwe lililo ndani, unyevu hukaa kati yake, na kuvu hustawi pale pale mlipodhani mmeifukuza. Zaidi ya hayo, siku mti utakapolazimika kukatwa, saruji hiyo itakuwa hatari kwa mwenye msumeno. Zamani wataalamu walijaza mivungu kwa bidii kubwa, kisha wakaacha walipoona matokeo. Lami na rangi za majeraha nazo hazizuii uozo, jambo ambalo Shigo alilionyesha kwa miti aliyoipasua. Wakati mwingine hutunza unyevu unaosaidia kuvu. Msichokonoe wala kukwangua mbao laini iliyo ndani ya mvungu, kwa sababu mkifika kwenye mbao ngumu mtakuwa mmevunja ukuta ambao mti umeujenga kwa miaka.

Kukata kichwa ndiko kubaya zaidi. Mti ulionyimwa majani yote hutumia akiba yake kutoa machipukizi mengi kwa pupa, na machipukizi hayo hushikwa na tabaka jembamba la mbao ya nje juu ya kisiki kinachooza, hivyo baada ya miaka michache mnakuwa na matawi mazito yaliyoshikwa vibaya kuliko yale mliyoyaondoa. Kupunguza matawi ni jambo jingine, nalo nalikubali sana. Tawi refu hukatwa kwenye maungio yake na tawi dogo lililo hai, linaloweza kuendelea kuwa ncha mpya, na jumla ya kinachoondolewa huwa kidogo. Kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kadiri matawi yanavyokuwa marefu na ya juu, kupunguza hata mita mbili za juu huupunguzia msingi wa shina mzigo mkubwa kuliko mtu anavyotarajia. Mti mzee wenyewe hufanya hivyo polepole: huacha matawi ya juu yakauke na kujenga kichwa kipya chini yake. Mkiona dalili hiyo kwenye mti wenye umri mkubwa, usiitwe mti unaokufa. Unaweza kuishi hivyo kwa miongo kadhaa.

Kama fundi huyo hajui kufanya kazi nyingine zaidi ya hizo tatu, tafuteni mwingine.

SWALI: Mpakani mwa shamba letu pana mti uliokwisha kufa kabisa, hauna hata jani. Bundi wanaishi ndani yake na nyuki wamejenga humo. Je, tukiuacha kuna ubaya?

JIBU: Kama hakuna njia, makazi, nyaya za umeme wala mahali pa watu kupumzika ndani ya urefu wake, na kama haukufa kwa ugonjwa unaoambukiza miti mingine, uacheni. Mbao iliyokufa ni makazi ya wadudu, ndege, popo na kuvu ambao hawawezi kuishi penginepo, na bundi wanaolala humo mchana watawinda panya wa shamba lenu usiku. Nimefurahi kwamba mmeuliza kwa sababu yao.

Iko pia njia ya kati ambayo watu huisahau. Matawi yote na sehemu ya juu ya shina huondolewa, na panabaki nguzo ya mita nne au tano, ambayo hata ikianguka haiendi mbali. Magogo yaliyokatwa huachwa chini yake, kivulini.

Ila msikawie mno kuamua, kwa kuwa mti uliokufa hukauka na kuwa mwepesi wa kukatika, na kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyokuwa hatari zaidi kwa mtu kuupanda. Ni kwa sababu hiyo mafundi wengi hukataa kukwea miti ya Fraxinus iliyougua kwa muda mrefu, wakalazimika kuikata kwa mitambo inayosimama mbali. Kwa hiyo hata mtu aliyeamua kuuacha mti mgonjwa karibu na nyumba anapaswa kujua kwamba akibadili mawazo baada ya miaka mitano, kazi itakuwa ngumu na ya hatari kuliko leo.

Ulizeni kwanza kama sheria za mahali mlipo zinahitaji kibali, kwani miti mikubwa mara nyingi hulindwa hata ikiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi. Kisha, kabla ya msumeno kuwashwa, mtu apande ngazi na taa aangalie kila tundu. Makinda ya bundi yakiwemo, kazi isubiri mpaka yaruke. Na nyuki wahamishwe jioni, wote wakiwa wamerudi ndani.